Alamu za wodi ya wagonjwa mahututi: tupunguze vipi kelele bila kumhatarisha mgonjwa?

Mkuu wa Zamu (mwenye mada)

Ndugu zangu mnaohudumia wagonjwa mahututi, naomba ushauri wenu kwa jambo ambalo limeninyima usingizi kwa majuma matatu sasa. Ninaongoza zamu katika wodi yenye vitanda kumi na viwili. Kila kitanda kina monita ya kufuatilia mapigo ya moyo, oksijeni na shinikizo la damu, wagonjwa walio wengi wamo katika mashine ya kupumulia, na kila mmoja ana pampu za dawa kati ya mbili na sita. Kila kimoja kati ya vifaa hivyo kina alamu yake, na hakuna kifaa kinachosubiri mwenzake anyamaze ndipo kilie.

Usiku mmoja alamu ya oksijeni ya mgonjwa ililia kwa dakika kadhaa bila mtu kumwendea, ingawa wauguzi wawili walikuwa hatua chache kutoka kitandani. Mrija wake wa kupumulia ulikuwa unaziba kwa makohozi. Tunashukuru aliwahiwa, mrija ukasafishwa, oksijeni ikapanda, na leo amekwisha kuhamishiwa wodi ya kawaida. Muuguzi aliyekuwa na dhamana ya kitanda hicho ni miongoni mwa watu makini kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Nilipomuuliza, aliniambia huku machozi yakimtoka kwamba hakuipuuza ile alamu, bali hakuisikia kabisa. Tangu jioni ilikuwa imelia mara nyingi, na kila alipokwenda alikuta kibanio cha kidoleni, kile kinachopima oksijeni ya damu, kimelegea.

Uongozi umeagiza apewe barua ya onyo, na kwamba kuanzia sasa kila alamu ijibiwe ndani ya dakika moja. Siamini kwamba agizo hilo linatekelezeka. Kesho yake nilikaa katika dawati la wauguzi nikijaribu kuhesabu alamu zote zinazolia, na nilipoteza hesabu kabla saa moja haijatimia. Je, ni nini hasa tunachoweza kubadilisha? Tuanzie wapi, ni mipaka ipi ya alamu, yaani viwango ambavyo vikipitwa alamu hulia, inayoweza kulegezwa bila kumweka mgonjwa hatarini, na nani mwenye mamlaka ya kuilegeza?

Muuguzi Mkongwe

Dada, pole sana, na umfikishie pole yangu huyo muuguzi wako. Wahenga walisema kelele za mlango haziniwasi usingizi. Sikio la binadamu limeumbwa kuzoea sauti isiyoleta jambo, na kulizuia lisizoee hakuko katika uwezo wa mtu wala wa barua ya onyo. Anayekwenda kitandani mara kumi na kukuta kibanio kimelegea mara zote kumi, ubongo wake umekwisha kujifunza maana ya sauti ile, na mara ya kumi na moja atafanya alichofundishwa. Aliyemfundisha ni mashine, na sisi ndio tulioiacha imfundishe.

Jambo hili linafahamika vizuri. Mwaka 2013 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali nchini Marekani, kilitoa tahadhari maalumu kuhusu alamu za vifaa tiba. Kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilikuwa kimepokea taarifa za matukio 98 yaliyohusiana na alamu, na katika 80 kati ya hayo mgonjwa alifariki. Tahadhari hiyo ilikadiria kwamba asilimia 85 hadi 99 ya alamu hazihitaji hatua yoyote ya kitabibu. Mwezi Machi mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walirekodi kila alamu iliyotolewa na monita katika wodi tano za wagonjwa mahututi zenye vitanda 77. Katika siku 31 zilipatikana alamu zaidi ya milioni mbili na nusu. Zile zilizotoa sauti peke yake zilifikia wastani wa 187 kwa kila kitanda kwa siku, na walipochambua alamu za mapigo ya moyo yaliyovurugika, karibu asilimia 89 zilikuwa za uongo. Takwimu hizo ni za monita tu. Mashine za kupumulia na pampu hazimo. Ukizidisha 187 kwa vitanda vyako kumi na viwili utaona mwenyewe kwamba agizo la dakika moja linawataka wauguzi wako wasifanye kazi nyingine yoyote.

Sasa nieleze tulikoanzia sisi, na uniwie radhi nikikaa sana hapa, kwa kuwa ndipo tulipopata nafuu kubwa kuliko tulivyotarajia. Kabla hatujagusa mpangilio wa mashine, tuligusa ngozi ya mgonjwa. Vibandiko vya kifuani, vinavyoshika waya za monita za kusoma mapigo ya moyo, hukauka, na kikikauka waya hupokea kila mtikisiko, kisha monita inauita mtikisiko huo moyo kwenda mbio au moyo kusimama. Tulikubaliana kuvibadilisha vyote kila siku wakati wa kumwogesha mgonjwa, baada ya kuosha ngozi kwa sabuni na maji, kuikausha kwa kuisugua kidogo, na kupunguza nywele pale zinapozidi. Hospitali ya Johns Hopkins ilijaribu hatua hii moja ya kubadilisha vibandiko kila siku katika wodi mbili na ikaona alamu zikipungua kwa asilimia 46. Haihitaji kibali cha daktari wala kifaa kipya.

Kibanio cha kidoleni nacho kina tabia zake. Kikiwekwa kwenye mkono uleule wenye kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, kila kitambaa kinapojaa hewa damu haifiki kidoleni na alamu inalia, nawe unakimbia kumwona mgonjwa aliye salama kabisa. Kihamishie mkono wa pili. Vidole vikiwa baridi, tafuta sikio au paji la uso ikiwa mnavyo vihisi vya sehemu hizo, na ubadilishe kihisi kilichochakaa badala ya kukifunga kwa plasta juu ya plasta. Vilevile, kabla ya kumgeuza mgonjwa, kumvuta makohozi au kuchukua damu kwenye mshipa wa ateri, sitisha alamu kwa muda mfupi unaoruhusiwa na mashine, kwa sharti kwamba wewe mwenyewe uko pale na macho yako yako kwa mgonjwa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kusitisha ni uzembe. Kuiacha mashine ipige kelele kwa jambo unalolifanya kwa mikono yako ndiko kunakowafundisha wenzako kutoitikia.

Fundi Vifaa Tiba

Nimefanya kazi ya vifaa tiba kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ambalo wauguzi hawaelezwi: mipaka ya alamu mliyoikuta kwenye monita siku ilipofunguliwa kutoka kwenye boksi haikuwekwa na mtu anayewafahamu wagonjwa wenu. Mtengenezaji huiweka kwa kujihami, kwa sababu alamu iliyozidi haimpeleki mahakamani, ila ile iliyokosekana inaweza kumpeleka. Johns Hopkins walipoipitia mipaka hiyo katika wodi moja na kuwafundisha wauguzi kuirekebisha kwa kila mgonjwa, alamu za monita zilipungua kwa asilimia 43. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010.

Mwombe fundi wenu akutolee kumbukumbu za alamu za majuma mawili. Monita nyingi huzihifadhi, na pale zisipohifadhi kwa muda mrefu zinaweza kunakiliwa kila siku. Zipange kwa aina na kwa kitanda. Mara nyingi utakuta aina tatu au nne za alamu zinabeba mzigo mkubwa, na kitanda kimoja au viwili vinalia kuliko vingine vyote pamoja. Katika utafiti huo wa San Francisco, mgonjwa mmoja tu alichangia karibu nusu ya alamu za mapigo yaliyovurugika zilizochambuliwa. Ukimshughulikia mgonjwa kama huyo siku ileile, wodi nzima inapumua.

Kisha tazama muda wa kusubiri. Oksijeni inaposhuka chini ya mpaka kwa sekunde tano na kurudi yenyewe, hakuna mtu ambaye angefika kitandani kabla haijarudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha mwaka 2009 kwamba kuchelewesha alamu kwa sekunde 14 kungeondoa nusu ya alamu zilizopuuzwa au zisizo na faida, na sekunde 19 zingeondoa asilimia 67. Monita nyingi za kisasa zina nafasi ya kuweka ucheleweshaji huo kwa oksijeni. Usiuweke kamwe kwenye alamu ya moyo kusimama, ya mapigo ya hatari ya vyumba vya chini vya moyo, wala ya mgonjwa kukatika kutoka kwenye mashine ya kupumulia.

Ondoa pia alamu pacha. Mgonjwa ambaye shinikizo lake linapimwa ndani ya ateri hahitaji alamu ya pili kutoka kwenye kitambaa cha mkononi, na mgonjwa ambaye mapigo yake yanasomwa kifuani hahitaji kibanio kimpigie alamu ya mapigo yaleyale. Alamu za kila pigo la ziada la moyo, ambazo hakuna daktari anayezitibu moja moja, zinaweza kubaki kwenye skrini bila sauti.

Msichoruhusiwa kufanya ni kupunguza sauti hadi isisikike. Najua hutokea, hasa usiku, na naelewa kwa nini. Kiwango cha kimataifa cha alamu za vifaa tiba kinagawanya alamu katika ngazi tatu: ya juu ina taa nyekundu inayomwekamweka na mfululizo wa milio kumi, ya kati ina taa ya njano na milio mitatu, na ya chini ina mlio mmoja au miwili. Ngazi hizo zilibuniwa ili sikio litofautishe bila jicho kutazama. Ukishusha sauti umezishusha zote tatu kwa pamoja, ile ya kifo pamoja na ile ya betri inayopungua. Afadhali uhamishe alamu zisizo za haraka kwenda ngazi ya chini, na ile ya juu uiache ilie kwa nguvu zake zote.

Daktari wa Usingizi

Nawashukuru waliotangulia. Nitajibu swali la mamlaka, kwa sababu naona ndipo wodi nyingi zinapokwama.

Muuguzi anaona wazi kwamba mpaka haumfai mgonjwa wake, lakini anaogopa kuugusa pasipo idhini. Daktari naye hafikirii alamu hata kidogo anapopita wodini asubuhi, kwa kuwa anakaa kitandani dakika kumi na kuondoka. Matokeo yake ni kwamba mpaka wa kiwandani unabaki hadi mgonjwa anaruhusiwa. Tulichofanya sisi ni kuandika waraka mfupi uliosainiwa na mkuu wa idara, unaomruhusu muuguzi kubadilisha mipaka ndani ya wigo uliotajwa, na kumtaka amwite daktari anapotaka kutoka nje ya wigo huo. Kisha tukaongeza sentensi moja katika mzunguko wa asubuhi: daktari anayetaja lengo la tiba anataja pia mpaka wa alamu. Nikisema nataka wastani wa shinikizo la damu usishuke chini ya milimita 65 za zebaki, muuguzi anauweka mpaka huo mbele yangu.

Chukua mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye tumemwandikia kiwango cha oksijeni ya damu cha asilimia 88 hadi 92. Akiachwa na mpaka wa chini wa 90, alamu italia akiwa mahali hasa tulipomtaka awe. Sisi wenyewe tumeagiza hali fulani na kuacha mashine ipige kelele kuilalamikia. Au mtoto njiti: alamu ya oksijeni kuzidi ni ya lazima anapoongezewa oksijeni, kwa kuwa oksijeni nyingi huharibu macho yake, lakini akishaanza kupumua hewa ya kawaida bila nyongeza, alamu hiyo haina hatua yoyote inayoidai. Mgonjwa mwenye homa kali ambaye moyo wake umekuwa ukipiga mara 125 kwa dakika tangu jana, na tunajua sababu, na tunaitibu, hana haja ya kutangaziwa jambo hilo kila baada ya dakika mbili.

Swali langu kwa kila alamu ni hili: ikilia, nani atafanya nini? Nisipopata jibu, alamu hiyo haistahili sauti. Boston Medical Center, hospitali ya Marekani, walilifuata wazo hilo katika wodi ya wagonjwa wa moyo. Alamu fulani za mapigo walizifanya zisiweze kujizima zenyewe, ili kila inayolia imlazimu mtu kuja, na wakati huohuo wakairekebisha mipaka ili zilie pale tu ambapo kuja kuna maana. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 yanaonyesha alamu zenye sauti zikishuka kutoka 87,823 kwa juma hadi 9,967. Haikuwa wodi ya mahututi, kwa hiyo namba zake zisihamishwe kama zilivyo. Njia yao ya kufikiri ndiyo ninayoiunga mkono.

Muuguzi wa Usiku

Nakubaliana na mengi, ila nina hofu ambayo lazima niiseme. Katika wodi niliyokuwa nikifanya kazi zamani, mipaka ililegezwa kwa shangwe, kelele zikapungua, na hakuna aliyeirudisha. Mgonjwa aliyelegezewa mpaka wa shinikizo la damu kwa sababu ya hali yake ya Jumatatu alikuwa na hali nyingine Jumatano, na mpaka ulikuwa uleule. Akaporomoka taratibu usiku kucha, kimya. Tulikuja kugundua wakati wa kuandika vipimo vya asubuhi. Tangu hapo, utulivu wa wodi haunitoshi kuwa habari njema.

Tena mmezungumzia mashine zaidi ya watu. Muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa watatu walio katika mashine za kupumulia, na mmoja wao amelala nyuma ya mlango uliofungwa kwa sababu ya maambukizi, hata alamu moja ya kweli inaweza kumkuta amevaa mavazi ya kujikinga na mikono yake imo ndani ya kazi nyingine. Nani anamwitikia mgonjwa wake? Kwetu ilikuwa kila mtu anadhani mwenzake anakwenda.

Na kuhusu ile barua ya onyo, uongozi wako usome utafiti uliofanywa katika hospitali ya watoto ya Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2015. Watafiti waliwarekodi wauguzi kwa video, wakaona kwamba kadiri alamu zisizo na kazi zilivyokuwa nyingi katika dakika 120 zilizotangulia, ndivyo muuguzi alivyochelewa kuitikia iliyofuata.

Daktari wa Usingizi

Ndugu Muuguzi wa Usiku, ulichokisema ni kweli, na nilipaswa kukitaja. Mpaka uliobadilishwa ni kama dawa iliyoandikwa: una tarehe, una sababu, na unakaguliwa. Sisi tunaupitia katika kila makabidhiano ya zamu, kitanda kwa kitanda, wauguzi wawili wakiwa mbele ya monita, na anayepokea anausoma kwa sauti. Mgonjwa akirudi kutoka chumba cha upasuaji au akibadilishiwa mashine, mipaka yote inarudi ya mwanzo na kuwekwa upya. Mpaka ukikosa sababu iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya uangalizi, unarudishwa papo hapo.

Muuguzi Mkongwe

Kuhusu nani aitikie: tumewapanga wauguzi wawili wawili, kila mmoja akijua vitanda vya mwenziwe, na anayeingia chumba cha kutenga humwambia mwenzake kwa jina la kitanda kabla hajavaa glavu. Alamu ya ngazi ya juu haina mwenyewe; aliye karibu anakwenda, hata kama ni daktari, na hata kama ni mtaalamu wa viungo aliyekuja kumnyoosha mgonjwa mwingine. Alamu za pampu tumezipunguza kwa kuandaa bomba la dawa linalofuata kabla lililopo halijaisha, hasa la dawa za kupandisha shinikizo la damu, ambapo dakika mbili za pampu kusimama zinatosha kumwangusha mgonjwa.

Ila alamu ya mashine ya kupumulia msiifanyie mzaha wa aina yoyote. Shinikizo la hewa likipanda, mtazame mgonjwa kwanza, kisha mrija, kisha maji yaliyojikusanya kwenye mabomba, ndipo uguse kitufe. Naona tukio lako, dada, lingeweza kuanzia hapo: mrija uliokuwa ukiziba huenda ulionekana kwenye namba za mashine ya kupumulia kabla haujaonekana kidoleni. Angalia kama mpaka wa shinikizo wa kitanda kile ulikuwa umepandishwa na mtu, na lini.

Mkuu wa Zamu (mwenye mada)

Nimesoma kila jibu mara mbili, na leo asubuhi nilikwenda kuangalia jambo la mwisho alilolitaja Muuguzi Mkongwe. Kumbukumbu za mashine ya kupumulia ya kitanda kile zinaonyesha kwamba mpaka wa juu wa shinikizo ulipandishwa mchana, wakati mgonjwa alipokuwa akikohoa mfululizo, na haukurudishwa. Muuguzi wangu wa zamu ya usiku aliupokea hivyo bila kuambiwa. Hakuna karatasi yoyote kati ya zetu yenye nafasi ya kuandika mpaka wa alamu, kwa hiyo hata angetaka kuuliza asingekuwa na pa kusoma.

Nimeyaandika hayo yote kwa uongozi na kuomba barua ya onyo isitolewe hadi kikao kikae, na fundi wetu amekubali kunitolea kumbukumbu za majuma mawili. Vibandiko tunaanza kuvibadilisha kesho wakati wa kuogesha. Waraka wa mipaka utachukua muda mrefu zaidi, na nitaomba rasimu yake ipitiwe na wauguzi wa usiku kabla ya mtu mwingine yeyote. Daktari, ikiwa waraka wenu mfupi unaweza kuonyeshwa watu wa nje, ningeshukuru kuona jinsi mlivyouandika ule wigo wa shinikizo la damu, maana hapo ndipo madaktari wetu wawili wamekwisha kutofautiana.